Samaki Aliyekunywa Birika

Zama zile Wareno walipoishika pwani kwa mizinga na viboko, mji wa Tumbini ulichoka. Watu wakafunga vibwebwe, wakaizingira ngome kwa mikuki, pinde na magobori, wakaapa hawaondoki. Mwezi wa tano ukaingia. Ndani ya ngome chakula kilikwisha, na maji yakabaki ya birika moja tu, tangi la mawe la kukingia mvua.

Miongoni mwa wazingiraji alikuwamo mtu mmoja mweupe, kikoi kiunoni, jambia ubavuni. Mama yake alimwita Diogo. Tumbini walimwita Daudi. Miaka kumi na miwili nyuma Wareno wenzake walimshusha merikebuni akiwa mahututi, wakamwacha mchangani afe. Mwanakombo, mjane msuka mikeka, akamwuguza kwa uji mpaka akasimama. Akasilimu, akamwoa. Alikuwa mtu wa Tumbini kabisa, ila moyo wake ulikuwa na mwiba: ndani ya ngome ile alikuwamo Bastiani, mdogo wake, tumbo moja.

Siku moja merikebu ya Wareno iliyoleta vyakula ilipasukia mwambani. Watu wakaopoa mizinga miwili, mapipa ya divai, na tita la vitu vikavu, vyeupe kwa chumvi, vigumu kama ubao.

"Hizi ni mbao za kuezekea?" mmoja akauliza, akakigonga kimoja kwa rungu. Kikalia ko!

"Mbao gani yenye mkia?" Mwanakombo akacheka. "Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Kaja na bahari, na bahari haimjui."

Daudi hakungoja wajibu. Alikitwaa kimoja, akakinusa. Alisikia harufu ya jiko la mama yake, mkesha wa Krismasi, upepo wa baridi ukipiga mlango.

"Bakalau," akasema, machozi yakimtoka. "Samaki wa kwetu, jamani!"

Jumbe Makame, mkuu wa vita, akasogea. "Huliwaje, bwana Daudi? Kama ng'onda?"

"Nashika miguu yako, Jumbe, sivyo! Ng'onda huchomwa akaliwa. Huyu ukimla hivi, chumvi itakuunguza koo. Mama alimloweka siku mbili, akimwaga maji asubuhi na jioni, akitia mengine. Kwetu hata mwenye njaa hawezi kumla bila kumloweka. Ni kama kula unga mbichi."

Alisema kwa furaha ya mtu anayesimulia nyumbani. Hakuona kwamba Jumbe anaitazama ngome.

"Yale maji ya kulowekea hunyweka?"

"Thubutu! Ni maji ya bahari yale."

Hapo Daudi akang'amua alichosema. Lakini neno lilikwisha kutoka.

"Wapelekee," Jumbe akasema taratibu. "Sema umetuibia sisi. Sema na maji utawaletea kesho."

"Jumbe, mdogo wangu yumo mle!"

"Ndiyo maana watakuamini. Au nianze na mizinga hii? Mzinga hauulizi nani ndugu ya nani. Kiu itawatoa kwa miguu yao, na atakayetoka, kwa jina la Mungu, hatadhurika."

Daudi akamtazama mkewe. Mwanakombo akainamisha uso.

Asubuhi alisimama chini ya ukuta, tita mgongoni. Juu kikachungulia kichwa, nywele zimeshikamana, midomo imepasuka.

"Kaka!" Bastiani akaita kwa lugha yao. "Nasikia harufu ya mama!"

"Teremsha kamba."

"Na maji ya kulowekea? Tuna birika moja."

Daudi akaishika kamba iliyoshuka, akalifunga tita.

"Lowekeni," akasema. "Kesho nawaletea mitungi."

Sauti ya nahodha wao, mkuu wa ngome, ikasikika nyuma, kali: "Askari, unamwamini huyu aliyevaa kikoi?"

"Huyu ndiye aliyenifundisha kutembea," Bastiani akajibu. "Nadhamini kwa shingo yangu."

Walikuwa watu wa samaki yule, basi walifanya kama mama zao walivyofanya. Walimwaga maji asubuhi, wakamwaga jioni. Birika likakauka. Kesho ikaja, mitungi haikuja.

Siku ya tatu lango lilifunguka. Wakatoka mmoja mmoja, ndimi nje, silaha wameziacha. Jumbe alitimiza ahadi yake: kila aliyetoka alipewa maji ya kata, na hakuna aliyeguswa.

Daudi akahesabu nyuso. Akarudia.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Nahodha alikunywa kwanza, akafuta ndevu. "Alidhamini kwa shingo. Jana tumeichukua."

Daudi akamgeukia Jumbe.

"Ahadi yangu ilikuwa kwa atakayetoka," Jumbe akasema, asimtazame usoni.

Samaki mmoja alibaki. Mwanakombo alimloweka siku mbili, akabadili maji asubuhi na jioni kama mumewe alivyosema, akampika kwa mafuta na vitunguu, akamwandalia. Daudi akaketi mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa.

"Kula, mume wangu. Ni cha kwenu."

"Kwetu ni wapi?" akauliza.

Wazee wa Tumbini wakiulizwa husema ngome iliangushwa na mizinga miwili ya Jumbe Makame, ilhali mizinga ile haikupigwa hata mara moja. Watoto ndio walioshika kweli, nao hawakujua wameshika nini. Walikaa barazani wakitegana: "Nimemwalika mgeni mkavu, akanywa birika zima, wenyeji wakafa kiu." Na kila walipotega, mzee mmoja mweupe aliinuka, akachukua bakora yake, akaenda zake kabla jibu halijatoka.