Nduma za Mtaroni

"Usiniambie mtaro umesafishwa! Angalia mlango wangu!"

Fundi Nehemiah, mshonaji wa mtaa wa Amalemba, alikuwa akikamua suruali ya mteja. Maji ya kahawia yalimchuruzikia miguuni. Nyuma yake, cherehani ilisimama katikati ya dimbwi.

"Wewe unafagianga barabara tu," alimfokea Teresa. "Mtaro unaupita kama haukuhusu!"

"Fundi, nimezoa matope tangu asubuhi," Teresa alijibu. Ndiye kibarua wa kusafisha mitaro ya mtaa huo. Alikuwa ameegemea sepetu yake kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikimshikilia asianguke. "Rundo lenyewe lile pale. Au ulitaka niyanywe na maji?"

Watu waliokusanyika walicheka. Teresa hakucheka.

Nasambu alikuwa ndiyo kwanza atoke shule. Alisimama pembeni na sare yake, mkoba mgongoni, karibu na mama yake, Sellah. Mama alikuwa ametoka zamu katika zahanati. Viatu alikuwa amevishika mkononi kwa sababu ya matope.

"Na wewe, Teresa, jamani," Mama aliingilia. "Kila mvua hadithi ni ile ile. Tumechoka."

Ni kweli walikuwa wamechoka. Mwaka ulianza vizuri. Mwezi wa Januari tingatinga lilisawazisha barabara, vijana wakachimba mtaro mpya, na kila mtu akasifu. Machi mvua zilirudi, changarawe ikateremka mtaroni. Mei kalvati ya chini ya barabara iliziba, ikazibuliwa. Agosti mvua ya mawe ilivunja taa ya barabarani, na hadi sasa mtaa ulikuwa gizani. Sasa ilikuwa Oktoba. Kila kilichotengenezwa kilikuwa kimeharibika, kikatengenezwa tena, kikaharibika tena. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na Teresa ndiye waliyemwona kila siku.

Pikipiki ilisimama. Akashuka Willis, msimamizi wa vibarua wa mitaro. Aliyatazama maji dukani kwa fundi, akashusha pumzi.

"Teresa, malalamiko yamezidi. Mimi nimekutetea hadi nimeishiwa maneno. Kesho nitaleta mtu mwingine."

"Bwana Willis, mtaro huu nauzoa hadi kwenye ua wa watu. Hakuna mahali nimeacha."

"Basi maji yanakwama wapi?"

Tyson, aliyesoma darasa moja na Nasambu, alimsogelea rafiki yake. "Si ni yale magunia yako?" alinong'ona.

"Nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Mama wa watu anafutwa kazi."

"Ulisema hutamwambia mtu. Nilikuahidi nduma."

"Baki nazo," Tyson alisema. "Mimi sili nduma za namna hiyo."

Nasambu alihisi uso ukimchoma. Mtaro ule ulipita nyuma ya ua wao, mahali ambapo hapaonekani kutoka barabarani. Ulipochimbwa, aliona unyevu wake akakumbuka vile kukhu, nyanya yake wa Bukura, alivyopenda nduma. Akapanda miche pale ndani, akaahidi kumpelekea kikapu cha kwanza Krismasi. Februari jua lilipokausha majani, alijaza magunia udongo akayalaza mtaroni ili maji yatuame. Nduma zikanawiri. Mvua zilipokuja hakuyatoa. Majani yalikuwa yamekuwa mapana kama sinia, na aliona uchungu kuyaacha yasombwe.

Teresa alipobisha langoni na sepetu yake akitaka kusafisha upande ule, Nasambu alimjibu, "Huku tumesafisha wenyewe." Mara ya pili alisema hivyo hivyo. Mama alikuwa kazini au amelala baada ya zamu, na Teresa hakuwa mtu wa kuingia kwa watu bila kukaribishwa. Alishukuru akaenda zake.

Sasa Teresa alikuwa akivua glavu zake za mpira, moja, kisha nyingine. Alimkabidhi Willis sepetu.

"Mama," Nasambu alisema. Akamvuta gauni. Akarudia. "Mama, maji yanakwama kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Nyuma ya ua. Niliweka magunia ya udongo, kwa sababu ya nduma. Teresa alikuja kusafisha, nikamdanganya kwamba tumesafisha."

Fundi Nehemiah aliacha kukamua suruali.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Teresa, na ilionekana ni kumtazama Teresa ndiko kulikomwia vigumu.

"Nimekuwa nikikusema tangu Machi," alimwambia. "Na nyuma ya nyumba yangu mwenyewe sijafika. Nisamehe."

Wote waliingia uani. Nduma zilikuwa zimejaa mtaro mzima, na nyuma ya magunia maji yalikuwa yametulia kama bwawa.

"Mama, tutoe magunia tu," Nasambu aliomba. "Nduma zimebakisha kidogo zikomae. Nilimwahidi kukhu."

"Mizizi imeshika matope," Willis alisema. "Ikibaki, mtaro utaziba tena."

"Sikia, Nasambu," Mama alisema. "Ulimwahidi kukhu kitu ambacho fundi ndiye aliyekuwa akikilipia kwa nguo za wateja, na Teresa kwa kazi yake. Maji hayapotei. Ukiyanyima njia yako, yanachukua mlango wa jirani. Na uongo ni vivyo hivyo. Ulimwambia Teresa maneno matatu langoni, yakaenda kumwangukia yeye. Kukhu nitamweleza mimi. Leta jembe."

"Leo hii?"

"Sasa hivi."

Mama aliweka viatu juu ya jiwe, akapandisha gauni hadi magotini na kuingia mtaroni. Nasambu alirudi na jembe, akaingia pia akiwa na sare yake. Mche wa kwanza aliung'oa akilia. Mizizi yake ilikuwa midogo kama vidole. Wa pili aliung'oa bila machozi, na baada ya hapo hakuhesabu. Tyson alirusha majani kando. Willis alimrudishia Teresa sepetu yake, na Teresa akashuka akasimama ng'ambo ya magunia.

"Shika huku," alimwambia Nasambu. "Nikisema vuta, vuta."

"Teresa, nisamehe."

"Nimesikia. Vuta."

Wakavuta pamoja. Gunia la kwanza lilitoka, la pili likapasuka, na maji yakapita katikati yao kwa kishindo, yakielekea kwenye kalvati. Kutoka barabarani walimsikia Fundi Nehemiah akipaza sauti kwamba maji yanatoka mlangoni kwake.