Lenzi Ndefu na Sebule Fupi

"Hiyo si lenzi, ni bomba la maji!" Meshack alisema huku akicheka.

"Mwenye wivu haufichi," Hana alimjibu, akiikumbatia kamera kifuani. "Mama, mwambie kaka aache!"

"Simwambii mtu kitu," Mama alisema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, akipanga begi la safari. "Hana, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mzee Zaidi ndiye aliyesema lenzi hii inafaa kwa safari yetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake kabisa."

Mama alimtazama, kisha akaendelea kukunja kanga.

Mama yake Hana, Emilia, alikuwa mpiga picha mtaa wa Majengo, mjini Dodoma. Kwa miaka mingi alitumia kamera ya filamu. Sasa maduka ya Majengo yalikuwa yamejaa vitu kutoka Dubai, naye akanunua kamera ya dijiti, ila bila lenzi. Kesho yake alfajiri alitakiwa kusafiri kwenda Busi, huko Kondoa, kupiga picha za harusi ya Devota, binti wa rafiki yake. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kamera mpya, na Hana, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa ameahidiwa kwenda naye kama msaidizi.

"Barabara ya Kondoa ni vumbi tupu," Mama alikuwa amemwambia asubuhi. "Ukibadili lenzi njiani, vumbi linaingia ndani ya kamera. Kwa hiyo tunachukua moja tu, na hiyo moja ifanye kazi zote: chumbani, uwanjani, karibu na mbali. Mzee Zaidi wa duka la kamera anaijua. Nenda ukaichukue."

Mzee Zaidi aliijua kweli. Aliiweka juu ya meza ya duka: lenzi fupi, nene, isiyo na mbwembwe. Lakini pembeni yake ilikuwapo nyingine ya bei ileile, ndefu kama mkono wa mtoto. Hana aliomba aijaribu kwenye kamera aliyokuja nayo. Alisimama mlangoni akaielekeza kwenye Mlima Simba, na lo! Akamwona mbuzi juu ya jiwe, akitafuna mfuko wa plastiki. Hata ndevu za mbuzi alizihesabu. Akawaza jinsi watoto wa Busi watakavyomzunguka.

"Hiyo ndefu ni ya kupigia ndege na mechi za mpira," Mzee Zaidi alisema. "Ya mama yako ni hii fupi."

"Mama amesema ndefu," Hana alijibu upesi.

"Haya. Ila ikiwa hamkuelewana, irudisheni leo. Kesho nafunga, nakwenda Dar kufuata mzigo."

Hivyo ndivyo lenzi ndefu ilivyofika nyumbani.

Mama alimaliza kufunga begi, akasimama. "Vizuri. Nyumba atakamopambwa Devota ina chumba kidogo kama sebule hii. Tujaribu. Meshack, wewe ni bwana harusi, kaa pale kwa bibi yako. Mimi nitakuwa bibi harusi."

Bibi Anyesi alijiweka sawa kitini na kurekebisha kilemba. Mama akasimama kando yake, mkono kiunoni. Hana akaweka jicho kwenye kamera.

Aliona ukungu. Lenzi ilinguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikagoma.

"Bibi, sogea nyuma kidogo."

"Nisogee wapi, mjukuu wangu? Nyuma kuna ukuta."

Basi Hana akarudi nyuma mwenyewe mpaka mlangoni. Ukungu uliondoka. Sasa aliona pua. Ilikuwa pua ya Bibi, peke yake, imejaza picha nzima.

Akatoka barazani. Akashuka ngazi. Akavuka ua kinyumenyume, kamera ikiwa jichoni.

"Umefika wapi?" Mama aliita.

"Niko uani!"

"Bibi harusi anaonekana?"

"Anaonekana... sikio!"

"Bwana harusi je?" Meshack alipaza sauti. "Au yeye atumiwe picha yake kwa posta?"

Hana akatoka nje ya geti, bado akirudi nyuma. Hatua moja, nyingine, na mguu wake ukazama katika kitu cha baridi na laini.

"Weee!" sauti ililia. "Zabibu zangu!"

Ilikuwa sauti ya Mama Tabu, jirani aliyeuza zabibu mbele ya geti lao. Hana alikuwa amesimama katikati ya beseni, maji ya zambarau yakimpanda kwenye vidole.

"Hana, nani amekuambia natafuta mtu wa kukamua mvinyo?"

Wote walitoka mbio. Mama hakumtazama usoni, alitazama kamera. Picha pekee iliyopatikana ilikuwa meno mawili ya Meshack.

"Hana," Mama alisema taratibu, "harusi hairudiwi. Devota akikosa picha kesho, amezikosa. Mzee Zaidi alisema nini?"

Hana alitazama mguu wake. "Alisema nichukue fupi. Nikamwambia wewe umesema ndefu. Nilitaka watoto wa Busi wanione nayo."

"Wangekuona," Meshack alisema. "Wewe ndiye usingewaona."

"Meshack, nyamaza. Hana, sikiliza. Kipande kinachopokea picha ndani ya kamera hii ni kidogo kuliko filamu. Ni kama kuchungulia mtaa kupitia dirisha la choo badala ya dirisha la sebule. Mtaa ni uleule, unapata kipande tu. Kwa hiyo lenzi ndefu hapa inabana zaidi. Tunahitaji inayoanzia kuona pana, kisha ivute mbali kiasi. Kifaa huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya watu. Na ungeniambia kwamba unaitaka ndefu, ningekukatalia tukamaliza. Uongo ni kama hiyo lenzi yako: umekuonyesha kitu kimoja unachokitaka, yaliyo karibu hukuyaona."

"Hata beseni," Mama Tabu alisema.

"Nitakuoshea beseni, Mama Tabu, na jioni nitakusaidia kuuza," Hana alisema.

"Kwanza lenzi," Mama alisema. "Mzee Zaidi hajafunga bado. Nenda mwenyewe, umwambie mwenyewe."

Hana alikimbia na mguu mmoja wa zambarau.

"Shikamoo, Mzee Zaidi. Mama hakusema ndefu. Nilisema mimi. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mzee Zaidi alitazama mguu, akatazama lenzi, akacheka hadi akashika meza. Kisha akampa ile fupi.

Aliporudi, aliwapanga upya sebuleni, Mama Tabu akiwa na beseni lake mapajani. Hana alisimama mlangoni, hakurudi nyuma hata kidogo, akabonyeza.

"Pua yangu imeingia?" Bibi aliuliza.

"Imeingia, Bibi, na uso wote, na watu wote."

Mama aliikagua picha, akaitia kamera kwenye begi na kuvuta zipu mpaka mwisho.

"Haifunguliwi tena mpaka Busi," alisema. "Hana, beseni linakungoja."

Hana alikuwa tayari amelishika.