Sala ya Humphrey Juu ya Bonde la Mhezi

"Usiangalie chini, Rose. Tazama mbele tu."

Rosemary hakuwa anaangalia chini. Na huko mbele hapakuwa na cha kutazama. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote, ukaficha miti, ukaficha na jukwaa walilokuwa wakielekea. Waya wa ziplaini, ule wa kutelezea watu angani kwa mikanda, ulipotelea kwenye weupe huo, karibu tu na uso wake. Walikuwa wananing'inia katikati ya msitu, juu kabisa ya Mhezi, yeye mbele na Humphrey nyuma, wameunganishwa kwa mkanda mfupi kiunoni. Alimsikia mchumba wake akihema, lakini hakuweza kugeuka kumwona.

Aliyewakwamisha alikuwa Humphrey mwenyewe. Loth, mwongozaji wao, aliwaambia wasiuguse waya mpaka awape ishara. Humphrey aliitikia kwa kucheka, akasema yeye ni mtoto wa milimani. Kasi ilipokolea akaudaka waya kwa mikono miwili, na wakasimama palepale.

Harusi yao ilikuwa Jumapili inayofuata. Humphrey alitaka video ya kuonyesha ukumbini, bwana na bibi harusi wakiruka juu ya msitu. Yatakuwa mazoezi, alisema, maana kwenye fungate kisiwani kulikuwa na ziplaini ndefu zaidi na alishawawekea nafasi. Akawapandisha wazazi wa pande zote mbili kutoka Same mjini, pamoja na Rodrick, mpiga picha. Ndani ya gari Rosemary alisema anaogopa. Watu wakacheka. Mama yake akamnong'oneza asimvunje mwenzake moyo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda tangu posa. Alipodokeza kwamba angependa kuendelea na duka lake la dawa pale karibu na stendi, mawifi wakamwambia akiolewa atapumzika mpaka achoke. Alipouliza kwa nini simu ya Humphrey haipatikani kila mwisho wa wiki, akajibiwa kwamba kwenye mradi wa maji anakofanya kazi, bwawani Nyumba ya Mungu, mtandao unasumbua. Alipouliza tena, akaambiwa ana wivu. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa na gauni limeshapunguzwa kiuno. Kila alipofungua kinywa, mtu alipiga vigelegele.

Redio ya upepo iliyofungwa begani kwake ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Loth.

"Dada, mko salama, mikanda imara. Siwezi kuwafuata upepo ukiwa hivi. Ukitulia kidogo nakuja na kamba kuwavuta. Msijitikise."

Rosemary akajibu kwamba wamesikia. Upepo ukavuma kutoka upande wa bonde, waya ukalia, wakayumba kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Nyuma yake Humphrey akaanza kusali. Mwanzo alinong'ona, kisha akasahau kunong'ona.

"Baba uliye mbinguni, nisamehe. Usinichukue leo. Kama ni mapenzi yako nife hapa, mwangalie mama yangu, mwangalie Rose. Na Salha, Bwana, mwanangu Salha, usimwache akateseka. Mpe Mwanaasha nguvu ya kumlea. Nisamehe nilivyowaficha..."

Hapo akanyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Rosemary alitega sikio ndani ya kofia ngumu. Alisubiri, labda kuna neno jingine litakalofuata na kuigeuza maana. Halikuja.

"Salha ni nani, Humphrey?"

"Rose, naomba tufike kwanza."

"Tutafikaje? Upo hapo, na mimi nipo hapa. Salha ni nani?"

Upepo ukapita tena. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni binti yangu. Ameanza kutembea juzijuzi."

"Na Mwanaasha?"

"Mama yake. Anauza samaki Nyumba ya Mungu."

"Uko naye mpaka sasa?"

Kabla hajajibiwa Rosemary alishajua. Wikendi zote zile zilijipanga zenyewe kichwani mwake. Alitaka kumpiga, hakumfikia. Alitaka kuondoka, na chini ya viatu vyake hapakuwa na kitu. Machozi yalimtoka na hakuweza hata kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania mkanda.

"Kwa nini hukumwoa yeye?" akauliza hatimaye.

"Unamjua baba. Mzee wa kanisa mzima, alete mkwe Mwislamu? Alishaniambia siku ile binamu yangu alipofanya hivyo. Alisema kwake huyo amekufa."

"Kwa hiyo mimi ni wa kumfurahisha baba yako."

"Nakupenda pia, Rose."

"Hilo 'pia' kaa nalo mwenyewe."

Ukungu uliwalowesha hadi nguo za ndani, na Rosemary akatetemeka kwa baridi na hasira mpaka meno yakagongana. Katikati ya maumivu hayo kulikuwa na jambo lililomshangaza. Kwa miezi mingi alikuwa akijiona mkorofi, mwanamke asiyeridhika. Kumbe hakuwa mkorofi.

Upepo ulipotulia Loth akatokea kwenye ukungu, akijivuta kwenye waya kwa mikono, kamba imefungwa kiunoni. Akaiunganisha na mikanda yao, akaita kwenye redio, wakaanza kuvutwa. Walipokaribia jukwaa Humphrey akaongea karibu na sikio lake.

"Rose, yale yalikuwa maneno ya hofu. Yabaki hukohuko juu. Harusi iko palepale. Nitalimaliza hili taratibu."

Jukwaani wote walikuwa wamesimama. Mama yake alimkumbatia, akamvisha kitenge mabegani. Rodrick akanyanyua kamera, akawaomba washikane mikono, wakati bado sura zao zina ule msisimko. Humphrey akanyoosha mkono. Alikuwa ameshalirudisha tabasamu lake, lile lililowapendeza watu wote. Rosemary aliutazama ule mkono akaona kwamba hapa, kwenye mbao ngumu, amekwama zaidi kuliko alivyokwama angani. Akiushika, atazeeka ameushika.

"Kaka Rodrick, zima kamera," akasema. Kisha akamgeukia mkwewe mtarajiwa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

Mzee Melkizedeki, baba yake Humphrey, akashangaa, maana walishaamkiana asubuhi. "Marahaba, mwanangu."

"Humphrey ana jambo la kukuambia. Ameniambia mimi, ila ni lako zaidi."

Mama yake akamfinya mkono chini ya kitenge, kwa nguvu. Humphrey akatazama chini. Baba yake akamtaja jina, na bado hakusema. Rosemary alimpa muda, akamwona jinsi anavyojificha ndani ya ukimya wake, akingoja wengine wamtoe kama Loth alivyomtoa.

"Basi nitasema mimi. Baba, una mjukuu. Anaitwa Salha. Yuko Nyumba ya Mungu na mama yake, Mwanaasha. Mimi sitaolewa Jumapili."

Alivua pete, akamwekea Humphrey kiganjani, kisha akatangulia kushuka kwenye njia ya msituni peke yake, bado amevaa kofia ngumu. Loth alimfuata mbio kuidai.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Dukani watu wengi walikuja kununua panadoli bila kuumwa kichwa. Mama yake alimpikia, akamtengea, wala hakumsemesha. Humphrey aliandika ujumbe kila siku. "Umenivua nguo mbele ya baba yangu." Kesho yake, "Rudi tuongee, naweza kuwaacha." Huo wa pili Rosemary aliusoma jikoni kwa sauti bila kujua kwamba mama yake yuko mlangoni.

"Amesema anaweza kumwacha mtoto?" mama akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Mhezi.

"Ndivyo alivyoandika, mama."

Mama akaketi kwenye kigoda. Mwisho akasema kwamba na yeye aliwahi kuona mambo ya kutia shaka kabla hajaolewa, akaambiwa akae kimya, akakaa.

Ijumaa ikaingia simu ya namba ngeni. Sauti ya mwanamke ilijitambulisha kuwa Mwanaasha, ikaomba radhi kwa kusumbua.

"Dada, sikujua kuna harusi. Aliniambia anamuuguza baba yake, ndiyo maana hawezi kunipeleka kwao."

"Nami niliambiwa mtandao unasumbua."

Mwanaasha akacheka, kicheko kikavu. Akasema mzee mmoja alikuja jana amevaa suti, akasimama kwenye vichanja vya samaki hajui aanzie wapi. Akaomba kumwona mtoto. Alimbeba mpaka suti ikanuka samaki, machozi yanamtoka. Namba ya Rosemary alipewa na huyo mzee. Humphrey alikuwa amebaki garini.

"Umemkaribisha ndani?"

"Babu nimemkaribisha. Huyo mwingine nimemwambia arudi siku atakayoweza kushuka mwenyewe kwenye gari."

Jumapili ilipofika, Rosemary aliamshwa na harufu ya pilau. Ndugu wa mama yake kutoka Kighare walikuwa wameshapigiwa simu kwamba harusi haipo, lakini wakasema hawaamini maneno ya simu, wakakodi gari wakashuka. Walijaa uani na nguo zao za sherehe. Rosemary alitaka kubaki chumbani. Mama akamtoa kwa mkono, akamketisha katikati ya wanawake, akampa sahani ya kwanza.

Mjomba Daudi akatazama huku na huku, akauliza kilichokuwa moyoni mwa kila mtu. Bwana harusi yuko wapi?

Mama aliweka upawa chini, akajifuta mikono.

"Bwana harusi ana mtoto wa kulea," akasema. "Binti yangu yupo hapa. Kuleni."