Madoa Aliyoyafua Mouna

Siku treni ya Kabalo ilipoingia Kalemie, watu walijaa stesheni hadi juu ya reli. Akina mama walikuwa wakiteremsha magunia ya mahindi na bido, yaani madumu, za mawese, wapagazi wanagombana, mbuzi wanalia. Mouna alikuwa amekuja kumpokea shangazi yake kutoka Nyunzu. Alivaa kitenge cha bluu chenye samaki wa njano, kimenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo yake ilikata kama wembe, maana alifanya kazi presingi, duka la kufua na kupiga pasi karibu na soko.

Shangazi hakuonekana. Badala yake Mouna alimwona kijana amepiga magoti kando ya lokomotivu, kile kichwa cha treni, anasugua ubavu wake kwa kitambaa cheupe.

"Kaka," Mouna akamwita, "treni muzima hii utaimaliza na kitambaa kimoja?"

Kijana akageuka. Shati lake lilikuwa jeupe siku hiyo asubuhi. Sasa lilikuwa na masizi hadi kwenye kola.

"Siifui, dada. Naiomba uchafu wake kidogo."

"Uchafu?"

"Rangi yake. Angalia: huku juu ni nyeusi, hapa kahawia, chini nyekundu ya udongo. Toka mbali unasema ni uchafu mumoja. Kumbe!"

Mouna akacheka mpaka akashika kilemba. "Miye kazi yangu njo kutoa uchafu, na weye unauokota! Lete hilo shati presingi kesho, kabla masizi hayajazoea."

"Naweza kuleta na mwenye shati?"

"Mwenye shati ajifue mwenyewe."

Alileta shati, na mwenye shati akaja nalo. Aliitwa Swedi, fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba ya mama yake. Wiki iliyofuata akaleta shati lingine, kisha lingine, hadi Claire, mwenzake Mouna pale presingi, akauliza kwa sauti, "Huyu muntu iko na mashati ngapi? Ao anayachafua kwa makusudi?"

Simu zikaanza.

"Umeamukaje, malkia wa sabuni?"

"Vizuri, sultani wa masizi. Umeswali?"

"Nimeswali, nimekuombea."

"Umeniombea nini?"

"Hiyo ni kati yangu na Mungu. Ikikubaliwa utaiona."

Ndipo Mouna akajua siri ya kile kitambaa. Baada ya kazi, Swedi alikuwa akitengeneza lokomotivu ndogo, urefu wa mkono wa mtu mzima. Mwili wake ulikuwa bati la makopo ya maziwa. Vyuma vya kushikia vilikuwa nyaya za shaba za redio zilizokufa. Vioo vilikatwa kwenye chupa ya plastiki. Aliifananisha na lokomotivu moja tu, ile ile ya stesheni, ya mazutu, yaani dizeli, ambayo Papa Djafari, babake Mouna, aliiendesha kwenda Kabalo na kurudi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Jumapili wazee wa Swedi wangekuja kubisha hodi kwa Papa Djafari kumposa Mouna, na ile treni ingekuwa zawadi yake.

Lakini Papa Djafari alikuwa amesikia habari za huyo mchumba, na hakufurahi. "Mwanaume muzima anacheza treni kama mutoto," alisema mezani. "Huyo njo atakutunza?"

Mouna hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alimpenda Swedi, na hakuwahi kwenda kinyume cha neno la baba yake. Kama baba angesema hapana Jumapili, ingekuwa hapana.

Ijumaa, wakati wanaume wako msikitini, alipita kwa Swedi na bakuli la vitumbua. Mama Zaina, mamake Swedi, akamwambia akiweke chakula kibandani. Hapo mezani Mouna akaiona treni, akainama kuitazama. Mara ya mwisho aliiona njano, inang'aa kama ndizi mbivu. Sasa ilikuwa na masizi mgongoni, kutu kwenye pembe, udongo mwekundu kwenye ngazi, na mafuta yamechuruzika chini ya kifuniko cha tangi.

"Vumbi la barabara hili," akajisemea. "Na moshi wa jiko la Mama. Mwanaume akiwa na mawazo haoni. Hivi njo tumupelekee Papa?"

Aliomba beseni. Alichukua mswaki wa zamani na sabuni, akakaa chini, akafua. Masizi yalitoka upesi. Kutu ilikataa, akaibembeleza kwa ndimu. Mafuta ya kwenye tangi yalimchosha vidole. Kwenye mlango wa chumba cha dereva, chuma cha kushikia cha upande wa kushoto kilikuwa kimechubuka rangi; akatafuta brashi, akapaka njano. Alipomaliza treni iling'aa, naye alikuwa anaimba.

Swedi aliingia na kanzu yake nyeupe. Akasimama mlangoni.

"Mouna. Nani alifanya hivi?"

"Miye, kipenzi! Sasa inafaa kuolea, sivyo?"

"Umeniharibia."

"Nimekusafishia!"

"Uchafu ule niliuweka mwenyewe! Doa kwa doa! Leo nilitaka kupaka vanishi ya kuushika." Sauti yake ikapanda. "Kwa nini hukuniuliza? Na weye unaona ni mchezo wa watoto, kama baba yako?"

Mouna akasimama, maji yakimtoka mikononi. "Kwa hiyo ulitaka kumupelekea baba yangu uchafu? Mbele ya wazee? Baba yangu ni muntu wa kuchekwa?"

"Sikusema hivyo."

"Treni yako imesema." Akachukua bakuli lake, na vitumbua vyake, akaondoka.

Jioni simu ililia, akaiacha ilie. Baada ya swala ya isha alibaki kwenye mswala muda mrefu, akimwomba Mungu aondoe ukali kwenye ulimi wake, maana aliusikia bado uko pale kama pilipili. Alipoinuka, baba yake alikuwa anamtazama.

"Hamukusikilizana na fundi wako?"

Akamweleza yote, akitegemea baba atakasirika pamoja naye. Papa Djafari alisikiliza akichezea tasbihi.

"Masizi yalikuwa wapi?"

"Nyuma ya bomba la moshi, yanaenda kuelekea mukia."

"Na mafuta?"

"Chini ya kifuniko cha tangi. Yamelia upande mumoja tu."

"Kifuniko kile hakikufunga vizuri hata siku moja," baba akasema polepole. "Nini tena?"

"Chuma cha kushikia, pale mulangoni. Rangi ilikuwa imechubuka, nikapaka."

"Cha kushoto?"

"Cha kushoto."

Tasbihi ikasimama. Papa Djafari akautazama mkono wake wa kushoto, akaufunga, akaufungua. "Pale njo nilikuwa nashika nikipanda," alisema. "Kila siku ya kazi. Huyo kijana hakuniuliza hata neno. Alienda kuangalia."

"Papa, nilidhani anakudharau."

"Mwanangu, unajua ni lini mashini yangu ilikuwa safi? Mwaka ule mazutu yalikosekana. Ililala depo, karakana ya treni, na sisi tukawa tunaisugua kila asubuhi kwa sababu hatukuwa na kazi nyingine. Iling'aa. Nilikuwa naiangalia nalia." Akainuka. "Pokea simu ya watu."

Mouna alipiga yeye mwenyewe.

"Swedi, unisamehe."

"Unisamehe weye, mpenzi. Nilikupigia kelele na ulikuwa umechoka kwa ajili yangu. Sasa itakuwaje? Jumapili ni kesho kutwa, na picha zote nilizopiga zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyoanguka ziwani. Siwezi kukumbuka kila kitu, na lokomotivu yenyewe iko Kabalo."

"Miye nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Madoa yote. Muntu akikupa shati lenye doa, unaweza kusahau sura yake, doa hulisahau. Nilitoa moja moja kwa vidole hivi. Kesho nakuja na Claire."

Jumamosi walifanya kazi barazani, Mama Zaina akiwachungulia kwa furaha. Swedi alisaga kutu ya msumari, akachuja udongo mwekundu wa relini kwa kitambaa chepesi, akachanganya masizi na gundi nyepesi. Mouna alielekeza.

"Hapana, hapo ni nyingi. Ilikuwa nyembamba, kama machozi."

"Hivi?"

"Shusha. Mvua inaenda chini, Swedi, haiendi pembeni!"

"Ndiyo, patron, mkubwa wangu."

"Sasa nipe brashi, unanichelewesha."

Claire akatikisa kichwa. "Mungu wangu! Mufuaji anachafua, na anafurahia!"

Mwisho Swedi alichukua kipande cha msasa, akakwangua rangi mpya kwenye chuma cha kushoto mpaka shaba ikaonekana.

Jumapili baada ya alasiri wazee walikaa mkekani, Swedi nyuma yao na shati jeupe. Treni ilikuwa mbele ya Papa Djafari, imechoka, imetoka mbali. Aliugusa mlango wake kwa kidole kimoja, kisha akaurudisha mkono mapajani na kukohoa kama mtu anayetaka maji.

Mjomba wa Mouna akamwita atoke ndani, kama desturi inavyotaka. Alitoka na kitenge cha kijani na mtandio mweupe, amenyooka kila mahali, isipokuwa kucha zake, ambazo ndimu na sabuni zote za presingi hazikuweza kuziondolea masizi. Shangazi wa Nyunzu, aliyefika hatimaye kwa treni ya baadaye, aliziona, akafunika mdomo.

"Mouna," mjomba akauliza, "wageni hawa wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unawajua?"

Mouna alimtazama baba yake. Papa Djafari alikuwa anatabasamu peke yake, macho yako kwenye treni.

"Nawajua, mjomba," akasema. "Na huyu mwenye shati jeupe namujua zaidi. Mumupokee."