Pembeni mwa Picha

Siku tatu kabla ya Ramadhani, Dawlat alikuwa na wazo moja tu: televisheni. Tamthilia za mwezi mtukufu zilikuwa zinakaribia, wageni nao, na mtaani kwetu Mansura nyumba isiyo na televisheni ya maana huwekwa midomoni mwezi mzima. Alikuwa na miezi minne kwenye ndoa. Mumewe, Basim, alikuwa mgane mwenye binti wa miaka mitano, Hana, na mtoto huyo alikuwa ameanza kumwita Dawlat mama. Kwa neno hilo angetoa roho yake.

Dukani, muuzaji alimwonyesha mbili, moja ya mraba na nyingine pana.

"Mama Hana, ya mraba waachie bibi zetu," alisema akicheka. "Ila sikufichi. Kanda za deki ukiziweka kwenye pana, pembeni patabaki peusi, huku na huku. Picha zenyewe hazina ubavu."

"Kwenye peusi kuna nini?" aliuliza Hana.

"Hamna kitu, mpenzi. Hamna kabisa."

Dawlat alichukua ile pana.

Nyumbani, mkwewe alinuna. Hajati Insaf aliishi ghorofa ya juu yao, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Ile ya zamani ni jihazi ya mama yake Hana, Ibtihal," alisema. "Alitoka nayo kwao pamoja na vyombo vyake vya arusi. Haiuzwi, haitupwi. Ipandisheni kwangu."

"Hajati, mimi sikatai. Nataka ya kwangu tu."

"Chukua ya kwako. Ila marehemu alikuwa na wivu, mwanangu. Usimchokoze."

"Amekufa, Hajati."

"Haya. Mimi nimenyamaza."

Ile ya mraba ikapandishwa juu.

Siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, bata akiwa jikoni anachemka, Dawlat aliweka kanda ya arusi yake ili aijaribu. Muuzaji hakudanganya. Picha ilikaa katikati, na kila upande ukabaki ukanda mweusi, mpana kama kiganja. Hana alionekana upande wa kushoto, mbele ya maharusi, ameshika mshumaa. Pembeni yake, pale picha inapokutana na weusi, palikuwa na vidole vinne. Vilishika ukingo wa picha kama mtu anavyoshika mlango uliorudishwa nusu.

Dawlat alifuta kioo kwa kanga ya jikoni. Kioo kilikuwa safi.

Kesho yake wifi zake walikuja, wakataka kuona arusi. Safari hii ulikuwa mkono mzima, wenye bangili ya dhahabu. Wifi zake walicheka, wakasifia gauni. Hawakuona kitu. Hana alimvuta Dawlat nguo.

"Mama amechoka kusimama gizani," alinong'ona.

"Mama yupi?"

"Yule."

Dawlat aliogopa kweli. Aliificha kanda kabatini, chini ya mashuka. Hakumwambia Basim. Angemwambia vipi? Mke mpya anayemsingizia marehemu, nani atamsikiliza?

Siku ya tatu, magharibi ikikaribia, alitoka jikoni akakuta arusi inacheza. Hana ndiye aliyeitoa kanda.

"Na huu weusi ni wa nini?" Basim alilalamika. "Nimenunua kioo kizima, nitazame nusu?" Akashika rimoti, akaitanua picha mpaka ikajaa, kama mtaa wetu wote tulivyokuwa tukifanya. Nyuso zilipanuka kama mikate. Lakini weusi ulikwisha.

Dawlat alishusha pumzi. Hakuna tena mahali pa kusimama.

Kisha akatazama vizuri. Kando ya Hana alikuwa amesimama mwanamke ambaye hakualikwa. Uso wake haukutanuka.

Mzinga wa futari ukalia. Basim akaenda mezani, akachukua tende.

"Zima hiyo," Dawlat alisema. "Hana. Njoo ule."

Hana hakuwepo sebuleni.

Alikuwa hapo. Sasa hivi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ufunguo ulikuwa tunduni. Madirisha yalikuwa na nondo. Chini ya televisheni palikuwa na kandambili moja ya mtoto.

Polisi walikuja. Walitafuta mfereji wote unaopita mtaani, hadi mashambani. Basim alikonda. Dawlat hakuweza tena kutazama ile pana: humo Hana alikuwa ameshikwa mkono, na aliyemshika alikuwa akimtazama Dawlat moja kwa moja. Basim aliposema atairudisha dukani, Dawlat hakubisha.

Tangu hapo, kila mzinga unapolia, hupanda juu kwa Hajati na kanda yake. Kwenye televisheni ya Ibtihal hakuna ubavu mweusi. Hana yuko peke yake ukingoni, na mshumaa wake. Mkono wake mmoja umenyooshwa, unaishia pale picha inapoishia, kwenye kifundo.

"Hii bora," Dawlat alisema siku ya kwanza. "Humu simwoni yule."

Wiki iliyofuata mkono uliishia kwenye kiwiko. Kisha begani. Jana Hajati alizima mwenyewe, akaketi na rimoti mapajani, akilia. Kwenye ukingo lilibaki jicho moja la Hana, na mshumaa.

Dawlat alishuka ngazi taratibu. Basim alikuwa mlangoni, ameifunga ile pana kwa kamba, teksi inamsubiri.

"Ifungue," alimwambia. "Iweke mahali pake. Kule juu Hana anakwisha."