Nyayo za Gari Dogo

Kahiga wa Kimbo, hapa hapa Ruiru, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu mwenye kupenda sifa, na uvivu na kupenda sifa vikikutana katika mwili mmoja, mwizi hazaliwi mbali. Jumamosi hiyo alikunywa chai, akapiga pasi shati lake jeupe, akaenda Juja kwenye maonyesho ya picha zilizopigwa ndani ya michezo ya video. Picha yake ilikuwa imeshinda. Shida ni kwamba haikuwa yake.

Ilikuwa ya rafiki yake Gachau wa Thika, aliyefariki kwa nimonia mwezi wa pili. Gachau alikuwa na ujanja wake. Kwenye mchezo wa mbio za magari alisimamisha mbio, akapandisha kamera juu kama mtu anayechungulia kutoka paa la ghorofa, akakoleza rangi, kisha akatia ukungu juu na chini ya picha. Katikati aliacha ukanda mwembamba tu ulio wazi. Hapo magari yaligeuka vigari vya kuchezea watoto, ungedhani utayaokota kwa vidole.

Na katika ukanda ule hakukosa kumweka mtazamaji mmoja wa koti jekundu, kando ya barabara.

"Bila mtu, bro, huwezi jua vitu ni ndogo," alizoea kusema.

Baada ya mazishi, mama yake Gachau, Ngina, alimpa Kahiga mashine ya mwanawe ya kuchezea michezo hiyo awe anamkumbuka nayo. Kahiga alizikuta picha humo. Akachagua iliyo nzuri zaidi, akamfuta mtu wa koti jekundu pamoja na kivuli chake, akaandika jina lake chini. Aibu aliisikia siku hiyo hiyo. Akaimeza, kama dawa chungu.

Sasa watu walikuwa wakimpigia makofi ukumbini. Akageuka, akamwona Ngina mlangoni.

"Nimeona kwa WhatsApp ya kanisa," mama alisema akimkumbatia. "Nikasema lazima nikuje. Gachau angefurahi sana, kijana yangu."

"Asante, mama." Uso ulimwaka moto. Alitamani sakafu ipasuke.

Ngina alisogea karibu na picha. Kisha akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Ngai! Umeniweka?" alinong'ona. "Huyu ni mimi. Gachau alikuwa ananiweka hivi, na koti yangu nyekundu, vile nilikuwa namngoja hapo stegi ya matatu ya Witeithie akitoka shule. Na wewe ulikumbuka! Mungu akubariki."

Kahiga alitazama. Mtu wa koti jekundu alikuwepo, katikati ya ukanda, wazi kabisa. Kivuli chake pia.

Mama alienda kuketi, akipangusa machozi ya shukrani. Kahiga alibaki amesimama, amejaa aibu hadi masikioni. Hakuthubutu kumfuata. Akaitazama picha tena.

Magari yote yalikuwa kwenye mbio. Moja lilikuwa limesimama.

Lilisimama kando ya mtu wa koti jekundu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na mtu.

Akafumba macho. Akafumbua. Gari halikuwepo tena.

Kitu chepesi kikamgusa kiunoni, nyuma. Kikapanda. Polepole. Kikasimama. Kikapanda tena.

Alimwendea Ngina mbio, akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, si yangu. Ni ya Gachau. Nilikufuta. Nilikufuta mimi mwenyewe."

Ngina hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Kahiga kuliko kofi.

"Mimi nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini jina iko hapo chini si yake. Utaitoa?"

"Nitaitoa, mama. Leo leo."

Alipoinuka, Ngina alimshika bega, akamgeuza.

"Na hii matope ya mgongo umetoa wapi?"

Kwenye shati jeupe palikuwa na mistari miwili ya udongo mwekundu, myembamba kama uzi, yenye alama za tairi. Ilianzia kiunoni, ikaishia chini kidogo ya mbavu. Kwenye picha hapakuwa na mtu wala gari lililosimama, ila mbio tu, kama Kahiga alivyoiacha.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Barua ya kuwaambia waandalizi ukweli ameianza mara nne, na kila mara aibu humfunga vidole. Atasema nini kwa watu waliompigia makofi? Picha bado ina jina lake.

Shati amelifua kwa sabuni, kwa jiki, kwa maji moto. Alama hazitoki. Jumapili iliyopita, alipolipiga pasi aende kanisani, aliona zimefika kwenye kola.