Onyancha na Nguvu za Mashine Asiyoigusa

Sikilizeni, Wakenya wenzangu wa huku Marekani, ndugu zangu wa Irving na DeSoto, nanyi wa Houston mliokwisha nunua nyumba Katy mkatusahau. Kisa hiki ni chetu wenyewe, msiwasingizie Wamarekani. Kilitokea mwaka elfu mbili, majira ya joto yakiwa yameanza kutuachia pumzi, katika nyumba ambayo wengi wenu mmekula ugali wake.

Ilikuwa nyumba ya Onyancha na mkewe Jedidah, ghorofa ya pili, si mbali na uwanja wa ndege. Jedidah alikuwa nesi. Onyancha alitengeneza kompyuta katika ofisi moja ya papo hapo Irving, na kanisani tulimwita Injinia, jina lililompendeza kuliko alivyotaka kuonyesha. Walikuwa na binti mmoja, Lydiah, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Ijumaa jioni ungewakuta mezani, sukuma wiki inanukia, mtoto anaimba, baba anacheka. Hapakuwa na ulevi wala ugomvi. Kwa hiyo msitafute chupa katika kisa hiki, maana haimo.

Kilichowavuruga ni mashine ya michezo ya runinga. Tena mashine yenyewe haikukanyaga mlango wao hata siku moja.

Mwaka ule kampuni moja kubwa ilikuwa ndiyo kwanza imetoa mashine mpya, na madukani hazikushikika. Watu walipanga foleni tangu alfajiri wakarudi mikono mitupu. Onyancha hakuwa nayo, wala rafiki yake Shem wa DeSoto. Lakini je, ina nguvu kiasi gani ndani yake? Hapo ndipo vita vilipozuka. Kampuni ilijigamba kwamba mashine inachora mamilioni ya pembetatu, zile zinazounda picha, kwa sekunde moja. Onyancha akasema hizo ni pembetatu tupu. Ukizivika rangi na mwanga, hesabu itaanguka vibaya. Akasema tena kwamba kumbukumbu ya picha ni ndogo mno, itasongwa. Shem aliamini kila neno la kampuni. Walibishana kwenye maegesho ya kanisa mpaka wake zao wakaingia garini na kupiga honi.

Ubishi wa maegesho una mwisho, maana chakula hupoa. Ule wa mtandao hauna. Onyancha alijiunga na ukumbi mmoja ambako watu wenye majina ya kubuni walikadiria nguvu za mashine ile kutwa kucha, na kila mwamba ngozi akivutia kwake. Mmoja wao, aliyejiita Radi, alimwandikia kuwa hajui kitu. Neno hilo lilimkaa Onyancha kooni. Akawa anatoka kazini, anapita jikoni bila hata kufunua sufuria, anakaa kwenye kompyuta kumjibu Radi. Lydiah akileta kitabu asomewe, baba yake husema, "Dakika moja, mama." Dakika za Injinia mnazijua.

Na mnaikumbuka intaneti ya siku zile? Ilipita kwenye waya uleule wa simu ya nyumbani. Kompyuta ikishapiga ule mlio wake wa kukwaruza na kuunganishwa, simu haiingii. Anayepiga husikia tu kwamba laini inatumika. Simu za mkononi bado zilikuwa za wachache, nao hawakuwa miongoni mwa hao wachache.

Sasa, baba yake Onyancha, Mzee Nyamweya, aliishi nyumbani Kisii, mbali na simu yoyote. Mpango wao ulikuwa mmoja: Jumamosi moja kila mwezi, mdogo wake Onyancha, Absalom, alimpeleka mzee mjini kwenye duka lenye simu ya ng'ambo. Saa kumi na moja jioni kwao, saa tatu asubuhi hapa Irving. Nyumba nzima iliheshimu saa hiyo kama ibada.

Jumamosi ya mwezi huo haikuwa ya kawaida. Mzee alikuwa na uvimbe tumboni, na Jumatatu angepasuliwa. Absalom alikuwa ametuma habari kwamba mzee atalazwa jioni hiyohiyo, wakitoka dukani kupiga simu. Mzee alikuwa amesema haingii hospitali kabla hajaisikia sauti ya mwanawe wa kwanza.

Jedidah akienda kazini asubuhi hiyo, alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Baba Lydiah, leo please usi-connect hiyo kompyuta. Mzee atapiga."

"Mama Lydiah, mimi ni mtoto mdogo? Najua."

"Na Lydiah aongee naye. Nimemfundisha. Usiku wote amekuwa aki-practice."

Alikuwa amemfundisha salamu ya Kikisii ya jioni, kwa kuwa kwa babu itakuwa jioni. Mtoto alivaa gauni la kanisani, akaketi chini kando ya simu, akawa anajinong'onea, "Bwairire, Babu. Bwairire."

Onyancha alikaa naye. Nampa haki yake, alikaa. Lakini Shem alikuwa amemdokeza usiku kwamba kuna mtu ameipata mashine, ameifungua kwa bisibisi, na picha za matumbo yake zitawekwa ukumbini asubuhi. Onyancha akatazama saa. Muda bado ulikuwepo. Akajiambia ataangalia picha tu, kisha atoke.

Akaunganisha. Picha zikaanza kushuka polepole, mstari kwa mstari. Kabla hazijaisha, Radi akaandika kwamba leo wale wajuaji wa pembetatu tupu wataaibika. Ungefanyaje, wewe msomaji? Utasema ungezima. Onyancha naye angesema hivyo hivyo angeulizwa jana yake. Akaandika jibu. Radi akajibu. Wengine wakaingia, huyu akimtetea, yule akimcheka.

"Daddy, is Babu calling now?" Lydiah aliuliza.

"Bado, mama. Babu huchelewa."

Mtoto akarudi kwenye simu yake iliyonyamaza.

Onyancha aliponyanyua macho, jua lilikuwa limehama kutoka ukutani mpaka kwenye zulia, na saa tatu ilikuwa imepita zamani. Akachomoa waya. Simu ikalia papo hapo, naye akairukia.

"Ulikuwa ukiongea na nani?" Ilikuwa sauti ya Jedidah. "Niko break, napiga na kupiga, laini iko busy! Mzee ameshapiga?"

Hapo angeweza kusema kweli. Angesema, pengine wangehangaika pamoja, wakamtafuta jamaa yeyote wa mjini Kisii mwenye simu akimbie hospitali. Badala yake alisema, "Mzee hakupiga. Labda ni laini za Kenya, unazijua."

Jedidah akasema, "Sawa." Lydiah alikuwa amelala palepale sakafuni, gauni limekunjamana.

Jumatatu asubuhi, Onyancha akifunga kamba za viatu aende kazini, simu ililia. Alikuwa Absalom.

"Ndugu yangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Mzee hakuamka. Walimpasua vizuri, lakini moyo ulikataa. Ametuacha."

Jedidah alitoka jikoni akamkuta mumewe ameshika simu kwa mikono yote miwili. Baada ya kilio cha kwanza, Onyancha aliuliza lile alilokuwa akiogopa kuuliza.

"Jumamosi... mlipiga?"

"Tulipiga, ndugu yangu. Tulipiga mpaka mwenye duka akaanza kufunga madirisha. Kila mara, laini inatumika. Mimi nilikasirika, nisikufiche. Lakini mzee hakukasirika. Alikaa kwenye lile benchi na kofia yake magotini, akaniambia, 'Mwache. Kumbe ana watu wengi wa kuongea nao huko. Miaka hii yote nilidhani mwanangu yuko peke yake katika nchi ya watu.' Kisha akainuka, akasema twende. Alikwenda akitabasamu."

Watu wengi wa kuongea nao! Onyancha hakumjua hata mmoja wa wale wa ukumbini kwa jina alilopewa na mama yake. Jedidah alikuwa karibu, alisikia yote, na akaelewa kuhusu Jumamosi. Hakumgombeza. Nadhani angemgombeza, ingemwia nafuu.

Jioni tulijaa nyumbani mwao kuomboleza, kama desturi yetu, akina mama na sufuria zao, wanaume wamesimama mpaka kwenye ngazi. Shem naye alikuja. Alimvuta Onyancha pembeni, na kwa nia njema kabisa, akitaka kumpunguzia huzuni, akamnong'oneza, "Injinia, zile picha zimechambuliwa. Kumbukumbu ni ndogo kama ulivyosema. Hata Radi amekubali. Umetushinda wote."

Onyancha alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akaweka uso wake begani mwa Shem akalia kwa sauti, mbele ya kanisa zima.

Hakwenda kuzika. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado hazijatoka, na kama angeondoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Absalom alituma kanda ya video ya mazishi. Kanda za Kenya hazichezi kwenye mashine za huku, ikabidi ipelekwe kwanza kwa Mkenya mmoja wa Houston anayezigeuza. Ilipofika Irving, waliketi watatu mbele ya runinga. Walimwona mzee amelazwa jenezani, uso wake umefunuliwa, jua la jioni likiwa juu ya migomba.

Lydiah aliinuka taratibu, akasogea hadi karibu na kioo.

"Bwairire, Babu," alisema.

Akasimama pale akingoja, kisha akamgeukia baba yake. "Daddy, why isn't he answering?"

Funzo

Wazazi wenzangu, majuto ni mjukuu, na huyu wa Mzee Nyamweya ana meno mawili mapya mbele na swali ambalo baba yake hajaweza kulijibu. Sisemi mashine za michezo ni za shetani, wala sisemi kubishana ni dhambi. Nami hupenda kushinda. Ninasema hivi: tuliovuka bahari tumebakiwa na uzi mwembamba unaotufunga na waliotuzaa. Tusiushughulishe kwa maneno ya watu tusiowajua, juu ya kitu tusichokigusa, ati tuonekane wajuzi. Na ukikosea, usimfunike mkeo macho kwa uongo. Pengine yeye ndiye angeokoa kilichobaki. Nguvu ya mashine itapimwa na wengine hata usipokuwepo. Sauti ya baba yako inakungoja wewe peke yako, nayo haitangoja sana. Mpigie leo.